Kadi za alama za wabunge wa Marekani kuhusu familia: ipi usome, kwa swali lipi

Tarehe 29 Novemba 2022 Seneti ya Marekani ilipitisha Sheria ya Kuheshimu Ndoa kwa kura 61 dhidi ya 36. Sheria hiyo inaitaka serikali kuu izitambue ndoa za jinsia moja zilizofungwa kihalali katika jimbo lolote. Warepublican 12 walijiunga na Wademokrat kuipitisha, akiwemo Todd Young wa Indiana, ambaye kwenye suala la utoaji mimba yuko upande wa wahafidhina. Kwa FRC Action, kundi la Wakristo wahafidhina, kura yake ya siku ile ni kosa. Kwa Human Rights Campaign, kundi la kutetea haki za mashoga na wasagaji, ni alama ya kujivunia. Kura ni ileile.

Makundi kama haya hutoa kadi za alama, yaani orodha zinazompa kila mbunge alama kulingana na kura alizopiga, na Mswahili mwenye uraia wa Marekani hukutana nazo kila uchaguzi unapokaribia. Zinagawiwa baada ya ibada, zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya jumuiya, na wagombea wenyewe wanazinukuu: fulani ana asilimia 100 kwenye mambo ya familia, mpinzani wake ana sifuri. Mtu aliyekulia mahali ambapo mbunge hupimwa kwa barabara na madawati huiona namba ile akadhani amepata kitu cha uhakika. Namba yenyewe ni ya kweli. Kazi ni kujua inajibu swali gani.

Sitakuambia msimamo upi ni sahihi kuhusu ndoa au mimba. Huo tayari unao. Nitaziweka kadi kubwa pamoja, nizipime kwa vigezo vilevile, halafu uone ipi inaendana na swali ulilonalo.

Vigezo kwanza

Kigezo kikubwa kuliko vyote ni nani amechagua kura za kuhesabu. Baraza la Wawakilishi hupiga mamia ya kura za majina kwa mwaka, yaani kura ambazo huandikwa kila mbunge alipiga vipi, na kadi huchukua chache tu kati ya hizo. Anayetunga mtihani ndiye anayeamua kwa kiasi kikubwa nani atafaulu. Makundi haya hupenda kura zinazogawa vyama katikati, kwa sababu kura ambayo karibu kila mtu ameiunga mkono haimtofautishi yeyote. Matokeo yake, kadi huwaonyesha wabunge wamekaa kwenye ncha mbili, wengi kwenye 0 au 100, hata pale ambapo maisha yao ya bungeni yana mambo mengi ya katikati.

Kigezo cha pili ni kinachohesabiwa. Kadi nyingine huhesabu kura tu. Nyingine huongeza saini, yaani kama mbunge aliudhamini muswada pamoja na mwenzake aliyeuleta. Tofauti hii ni kubwa, kwa sababu miswada mingi haifikii hatua ya kupigiwa kura kabisa. Kadi inayohesabu saini inaweza kumpunguzia mbunge alama kwa jambo ambalo hakuwahi kuulizwa ukumbini. Kwa upande mwingine, kadi isiyohesabu saini humpa nafasi ya kujificha mbunge anayejua kwamba uongozi wa chama hautauleta muswada ule.

Halafu kuna kutokuwepo, jambo linaloonekana dogo mpaka ufanye hesabu. Chukua kura 10. Mbunge ameumwa akakosa mbili, na nane alizopiga zote zinalipendeza kundi. Kundi moja litamwandikia 100, jingine 80. Americans for Democratic Action, kundi la mrengo wa kushoto lililoanza 1947 na linalochagua kura 20 kila mwaka, linajulikana kwa utaratibu huo wa pili: ukikosa, alama inashuka. Katika kura ya ndoa niliyoitaja maseneta watatu hawakupiga, mmoja wao Raphael Warnock, Mdemokrat wa Georgia, aliyekuwa amebakiza wiki moja tu kabla ya uchaguzi wake wa marudio. Hakuna mtu Georgia aliyekuwa na shaka angepiga vipi.

Kuna pia kura za utaratibu, na hapa msomaji wa haraka huumia. Kwenye Seneti muswada mwingi hukwama kwenye hoja ya kufunga mjadala, inayohitaji kura 60. Kiongozi wa wengi akiona hoja yake inashindwa, hubadili kura yake kuwa hapana, kwa sababu kanuni inampa haki ya kuirudisha hoja yule tu aliyekuwa upande ulioshinda. Ukisoma orodha bila kujua hilo, utadhani kiongozi ameupinga muswada wake mwenyewe.

Cha mwisho ni upana, yaani kundi linaposema "familia" linamaanisha nini. Mfano wa kale ndio ulio wazi kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kundi la Christian Voice lilitoa kadi ya "maadili" ya wabunge. Ndani yake, pamoja na mambo ya shule na mimba, kulikuwa na ulinzi wa Taiwan, bajeti ya serikali na vikwazo dhidi ya Rhodesia, nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Robert Drinan, padri Mjesuiti aliyekuwa mbunge wa Massachusetts, alipata sifuri. Richard Kelly wa Florida alipata 100, na ndiye aliyenaswa na kamera za FBI katika kesi ya Abscam akijijaza mifukoni dola 25,000 za rushwa. Kadi ile haikukosea hesabu. Wizi haukuwa miongoni mwa maswali yake.

FRC Action

Nani anachagua: ni tawi la kisiasa la Family Research Council, shirika la Kikristo la Washington lililozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutoka katika mzunguko wa James Dobson, mwanasaikolojia Mkristo mhafidhina, na linaloongozwa na Tony Perkins tangu 2003. Neno "Action" kwenye jina lina sababu ya kisheria. Tangu 1954 sheria ya kodi imeyazuia mashirika ya hisani, makanisa na misikiti ikiwemo, kumpigia debe mgombea. Kwa hiyo shirika huzaa pacha ambaye michango yake haipunguziwi kodi, na pacha huyo ndiye hufanya siasa.

Kinachohesabiwa: kura za ukumbini kuhusu uhai wa mtoto aliye tumboni, ndoa, jinsia, haki za wazazi na uhuru wa dini, na kwa maseneta pia kura za kuthibitisha majaji na maofisa. Kabla ya kura kubwa kundi huwaandikia wabunge kuwaarifu kwamba kura hiyo inaweza kuingizwa kwenye kadi. Maana yake kadi si taarifa ya baadaye tu. Ni shinikizo la kabla. Mbunge anapochomeka kadi yake ya kupigia kura kwenye kisanduku cha ukumbini na kuona vitufe vitatu mbele yake, cha ndiyo, cha hapana na cha kuhudhuria tu, barua ile anaikumbuka. Sheria ya ndoa iliporudi Baraza la Wawakilishi tarehe 8 Desemba 2022 na kupita kwa 258 dhidi ya 169, Burgess Owens wa Utah alibonyeza kile cha tatu.

Isichoonyesha: sababu. Utah inafaa tena kwa mfano huu. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, linalofundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, liliunga mkono hadharani muswada ule baada ya kuongezwa vifungu vya kulinda taasisi za dini. Mitt Romney, seneta wa Utah wakati huo na muumini wa kanisa hilo, alipiga ndiyo. Kadi haina safu ya kuandika kwamba mtu alipiga ndiyo kwa sababu ya kinga ya dini, wala haiwezi kuwa nayo. Pia angalia ni hatua gani ya muswada iliyohesabiwa: Julai 2022 Warepublican 47 wa Baraza la Wawakilishi waliuunga mkono, Desemba wakabaki 39, na maandishi ya muswada hayakuwa yaleyale.

Inamfaa nani: Mkristo mhafidhina anayekubaliana na shirika hili karibu kila kipengele, na anayetaka kujua kwa haraka kama mbunge wake yuko naye. Kwa mtu huyo ndiyo kadi iliyo karibu zaidi na swali lake. Mwislamu mhafidhina anaweza kukubaliana nayo kuhusu ndoa na kutofautiana nayo kuhusu mambo ya nchi za nje, kwa hiyo asome mstari kwa mstari.

Heritage Action

Nani anachagua: pacha wa kisiasa wa taasisi ya utafiti ya Heritage Foundation, aliyeanzishwa 2010. Hili si kundi la familia kwa asili. Ni kundi la wahafidhina wa kila jambo, na familia ni chumba kimoja ndani ya nyumba.

Kinachohesabiwa: kura na saini pia. Kodi, matumizi, mipaka, ulinzi, nishati, na humo humo utoaji mimba, shule na jinsia. Matangazo ya "kura muhimu" hutoka kabla, na wabunge wa Republican wanayaogopa. Mwaka 2013 ugomvi juu ya muswada wa kilimo ulifika mahali ambapo kamati ya wabunge wahafidhina wenyewe, Republican Study Committee, iliwazuia watu wa Heritage kuhudhuria mikutano yake ya kila wiki.

Isichoonyesha: familia peke yake. Mbunge mwenye 70 hapa huenda amepiga kura zote za familia kihafidhina, halafu akaangushwa na bajeti. Na mwenye 95 huenda amefika huko kwa kodi. Kama unaisoma kwa ajili ya familia, fungua kura moja moja. Tena kwa mhamiaji, jambo kubwa la familia huenda ni viza ya mama aliyebaki Tanga au Bukavu. Kura za uhamiaji utazikuta humu, lakini kwa jicho la kutaka mpaka ukazwe: muswada wa mipaka uliopita Baraza la Wawakilishi Mei 2023 kwa 219 dhidi ya 213 ni wa aina ambayo kundi hili huipigia debe.

Inamfaa nani: anayetaka kujua mbunge ni mhafidhina kiasi gani kwa jumla, na anayependa kuona alama ya mbunge ikiwekwa kando ya wastani wa chama chake. Ulinganisho huo unafaa kuliko namba tupu.

National Right to Life na SBA Pro-Life America

Hizi mbili naziweka pamoja kwa sababu zote zimejifunga kwenye uhai, ingawa kwa sura zinatofautiana.

Nani anachagua: National Right to Life Committee ni mkongwe wa tangu 1968, wenye matawi majimboni. Susan B. Anthony Pro-Life America ilianza miaka ya mwanzo ya 1990, na Marjorie Dannenfelser ndiye sura yake.

Kinachohesabiwa: National Right to Life huorodhesha kura chache na kutoa asilimia. SBA hutoa herufi, kuanzia A+ hadi F, na huangalia kura pamoja na juhudi nyingine za mbunge. Herufi inasomeka haraka, ila inameza hesabu iliyo nyuma yake. Kura za mfano ni kama ile ya Januari 2023 kuhusu watoto wanaozaliwa hai baada ya jaribio la kutoa mimba, iliyopita Baraza la Wawakilishi 220 dhidi ya 210, Mdemokrat mmoja tu, Henry Cuellar wa Texas, akiiunga mkono.

Isichoonyesha: hapa kuna mambo mawili. Kwanza, hata kundi la suala moja hupanuka. National Right to Life iliwahi kuhesabu kura za sheria ya fedha za kampeni, kwa hoja kwamba sheria hizo zingelizuia lenyewe kuwazungumzia wabunge hadharani. Unaweza kuikubali hoja hiyo, lakini ujue kwamba alama ya "uhai" imechanganyika na kura isiyomtaja mtoto wala mama.

La pili ni kisa cha Bart Stupak, na ningemshauri kila msomaji wa kadi akijue. Stupak alikuwa Mdemokrat Mkatoliki wa Michigan. Tarehe 7 Novemba 2009, katika muswada wa bima ya afya wa Obama, aliongoza marekebisho ya kuzuia fedha za serikali kulipia utoaji mimba, yakapita kwa 240 dhidi ya 194, Wademokrat 64 wakiwa pamoja naye. Seneti haikuyachukua. Machi 2010 Stupak alikubaliana na Ikulu kwamba Rais atatoa amri ya utekelezaji yenye zuio hilo, naye akaupigia muswada kura ya ndiyo. Ulipita kwa 219 dhidi ya 212. SBA, iliyokuwa imepanga kumtunuku tuzo, iliifuta. Kwa makundi haya amri ya rais haikuwa na nguvu ya sheria. Kwake yeye ndiyo iliyokuwa njia iliyobaki. Mtu aliyefanya zaidi ya karibu Mdemokrat mwingine yeyote wa siku zile kuhusu suala hilo alimaliza akiwa upande wa waliokosa. Nadhani makundi yalikuwa na haki ya kuhesabu hivyo, na nadhani pia mpiga kura wa Michigan aliyetazama herufi tu hakupata picha nzima.

Inamfaa nani: ambaye suala la mimba kwake linatangulia mengine yote, liwe la dini au la dhamiri. Kadi ya FRC Action itamchanganyia na ndoa na shule, hizi hazitamchanganyia.

Human Rights Campaign na jirani zake

Nani anachagua: Human Rights Campaign, kundi kubwa la kutetea haki za mashoga, wasagaji na waliobadili jinsia, lililoanzishwa 1980. Majirani zake kwenye suala la mimba ni Planned Parenthood Action Fund na Reproductive Freedom for All, ambalo hadi 2023 lilijulikana kama NARAL.

Kwa nini kadi hizi ziwemo katika ulinganisho wa mambo ya wahafidhina? Kwa sababu zinahesabu kura zilezile kutoka upande wa pili, na msomaji mhafidhina anaweza kuzitumia kwa kuzigeuza. Mimi hufanya hivyo mara nyingi. Kura ikitokea kwenye kadi za pande zote mbili, ni dalili nzuri kwamba ilikuwa kura yenye uzito. Ikitokea upande mmoja tu, jiulize kwa nini.

Kinachohesabiwa: HRC hutoa alama kutoka 0 hadi 100 kwa kila Bunge la miaka miwili, ikihesabu kura na saini. Sheria ya Usawa, muswada wa kuzuia ubaguzi dhidi ya watu hao uliopita Baraza la Wawakilishi Mei 2019 kwa 236 dhidi ya 173 na tena Februari 2021 kwa 224 dhidi ya 206, ni mfano mzuri: kwenye Seneti haikufika kura ya mwisho, kwa hiyo saini ndiyo kipimo pekee cha seneta. Majaji wa Mahakama ya Juu nao wamo.

Isichoonyesha: safari ya mtu. Susan Collins, seneta Mrepublican wa Maine, aliungwa mkono na HRC katika uchaguzi wa 2014. Mwaka 2020 HRC ikamuunga mkono mpinzani wake, Sara Gideon. Katikati hapo kulikuwa na kura ya kumthibitisha Brett Kavanaugh kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Miaka miwili baadaye Collins ndiye aliyekuwa Mrepublican wa mbele katika Sheria ya Kuheshimu Ndoa. Na kwenye kadi za mimba zipo kura ambazo mhafidhina mwenyewe hugawanyika: muswada wa haki ya kutumia uzazi wa mpango ulipata 228 dhidi ya 195 Julai 2022, Warepublican wanane wakiunga mkono. Mtu anaweza kupinga utoaji mimba na asione shida na vidonge.

Inamfaa nani: anayeunga mkono haki hizo, bila shaka, pia mhafidhina anayetaka kuhakiki kadi ya upande wake, na mzazi mwenye mtoto ambaye sheria hizi zinamgusa moja kwa moja, awe anazikubali au la.

Kumbukumbu za Bunge zenyewe

Nani anachagua: wewe. Kila kura ya majina iko wazi kwenye tovuti ya Bunge la Marekani, ikiwa na jina, chama na jimbo. Vote Smart hukusanya alama za makundi mengi kwa kila mbunge mahali pamoja, na Voteview ya chuo kikuu cha UCLA huwapanga wabunge kwa kutumia karibu kura zote badala ya chache zilizochaguliwa.

Kinachohesabiwa: kila kilichoandikwa. Yaliyopita kwa sauti tu hayana majina, na hayo ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Msomaji wa Kenya atalielewa hili haraka. Bungeni Nairobi mambo mengi huamuliwa kwa kelele za ndiyo na la, na ndiyo maana Mzalendo Trust hupima wabunge kwa michango yao iliyorekodiwa kwenye Hansard. Tarehe 25 Juni 2024 Muswada wa Fedha ulipopigiwa kura, 195 dhidi ya 106, orodha ya majina ilizunguka kwenye simu za watu siku hiyohiyo, na kila mtu akawa na kadi yake ya kura moja.

Isichoonyesha: maana. Utakuta "hoja ya kuurudisha muswada kwenye kamati" na usijue ilikuwa na athari gani. Kadi za makundi zina upendeleo, lakini zinakufafanulia. Kumbukumbu hazina upendeleo wala maelezo. Faida yake kubwa ni kukuonyesha kura za familia zilizoachwa. Desemba 2022 Seneti iliwapa wafanyakazi wajawazito ulinzi kazini kwa 73 dhidi ya 24. Januari 2024 Baraza la Wawakilishi lilipitisha nyongeza ya nafuu ya kodi kwa wenye watoto, 357 dhidi ya 70, na Agosti ikakwama Seneti kwa 48 dhidi ya 44. Kwa mama anayepanga kreti ghalani Columbus akiwa na mimba ya miezi saba, hizo ni kura za familia kuliko nyingi zinazobeba jina hilo.

Inamfaa nani: mwenye saa moja jioni na swali mahususi. Asiye na muda atachoka.

Kwa hali yako

Kama msimamo wako ni wa kihafidhina kwenye ndoa, mimba na malezi kwa pamoja, anza na FRC Action. Kisha chukua kura mbili ambazo mbunge wako "alikosa" uzisome mwenyewe kabla hujamhukumu. Kama alikosa kwa kutokuwepo, tafuta alikuwa wapi.

Kama jambo lako ni mimba tu, tumia National Right to Life kwa sababu ya orodha yake, na SBA kama unataka herufi ya kumwonyesha mtu. Mbunge wako akiwa Mdemokrat wa aina ya Stupak, au ya Daniel Lipinski wa Illinois, aliyeshindwa kwenye mchujo wa chama chake Machi 2020, usiishie kwenye kadi yoyote. Watu wa aina hii ndio kadi huwaelewa vibaya zaidi.

Kama wewe ni mhafidhina wa dini lakini unataka serikali isaidie wazazi maskini, hakuna kadi kati ya hizi iliyotengenezwa kwa ajili yako. Changanya: kura za uhai kutoka National Right to Life, kura za kodi ya watoto na kazi kutoka kumbukumbu za Bunge. Ni kazi, lakini ni kura tano au sita tu kwa mbunge mmoja.

Kama unalinganisha wagombea wawili na mmoja hajawahi kuwa mbunge, alama ya yule mwingine haikupi ulinganisho. Asiye na rekodi hajafaulu wala hajafeli. Tafuta dodoso alizojibu na kauli zake.

Kama unaombwa kuigawa kadi kwenye jumuiya yako, au umeipata WhatsApp bila chanzo, tafuta mambo matatu kabla ya kuituma: jina la kundi, Bunge la miaka ipi, na orodha ya kura zilizohesabiwa. Picha yenye sura mbili na alama za tiki na msalaba isiyo na tarehe ya kura hata moja, iache. Kama ni ya kanisani au msikitini, waulize viongozi kama wameonana na mtu anayejua sheria ya kodi.

Na kama linalokukosesha usingizi ni shule ya mtoto, choo cha shule, matibabu ya jinsia kwa vijana au utoaji mimba jimboni kwako, Washington sipo pa kuangalia kwanza. Tangu Mahakama ya Juu ilipofuta hukumu ya Roe, iliyokuwa ikilinda haki ya kutoa mimba nchini kote, tarehe 24 Juni 2022, uamuzi mwingi uko kwenye mabunge ya majimbo. Huko Ohio, Januari 2024, wabunge waliipindua kura ya turufu ya Gavana Mike DeWine na kupiga marufuku matibabu hayo kwa walio chini ya miaka 18. Minnesota mwaka mmoja kabla, haki ya kutoa mimba iliingizwa katika sheria baada ya kupita kwenye Seneti ya jimbo kwa 34 dhidi ya 33. Hakuna kadi ya Bunge la Marekani itakayokuambia seneta wako wa jimbo alikuwa kwenye 34 au kwenye 33. Majimbo mengi yana mabaraza ya sera za familia ya upande wa wahafidhina na makundi ya usawa ya upande wa pili, na baadhi hutoa kadi zao. Ukiyapata yote mawili ya jimbo lako, yasome pamoja, kura kwa kura.